Maneno ambatano ya Kinorwei: kugawa silabi na kutamka (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na wazungumzaji wa Kiswahili wanaojifunza Kinorwei, hasa waliohamia Norwei kutoka Kongo, Burundi na Afrika Mashariki, ambao hukutana na maneno marefu kwenye barua za serikali kabla hata hawajamaliza kozi ya kwanza ya lugha. Matamshi yanayoelezwa ni ya Norwei ya mashariki, yaani Oslo na maeneo ya jirani, isipokuwa pale ilipotajwa vinginevyo. Mstari wima (|) unaonyesha mpaka kati ya sehemu mbili za neno, na herufi kubwa zinaonyesha silabi yenye mkazo mkuu.

## Misingi

1. Kwa nini maneno ya Kinorwei ni marefu kiasi hiki?

Kwa sababu pale ambapo Kiswahili hutumia kihusishi cha *-a* na kuacha maneno yakiwa mbalimbali, Kinorwei huyaunganisha na kuyaandika kama neno moja lisilo na nafasi katikati. Kibali cha ukaazi ni *oppholdstillatelse*, kuunganishwa tena kwa familia ni *familiegjenforening*, na hospitali ya chuo kikuu ni *universitetssykehus*. Kiswahili nacho kina maneno ya namna hii, kama *garimoshi* na *mwanasheria*, lakini kuna tofauti kubwa ya mpangilio: kwetu neno kuu hutangulia na maelezo hufuata, ilhali kwa Kinorwei neno kuu hukaa mwisho. *Garimoshi* ni aina ya gari; *sykehus* ni aina ya *hus*, yaani nyumba, na *syke* inaeleza kwamba ni nyumba ya wagonjwa.

Kwa hiyo maana hutafutwa kuanzia mwisho wa neno. Jinsia ya kisarufi pia hutoka huko huko: husemwa *et hus*, kwa hiyo husemwa *et sykehus* na *et universitetssykehus*, hata neno likirefushwa namna gani kwa upande wa mbele.

2. Nigawe neno kwa kufuata silabi au kwa kufuata maana?

Anza na maana. Hili ndilo jambo muhimu kuliko yote katika ukurasa huu, kwa kuwa mkazo, urefu wa irabu na hata sauti ya herufi nyingine hutegemea kujua sehemu moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Chukua *brunost*, jibini ya rangi ya kahawia ambayo Wanorwei huikata vipande vyembamba na kuiweka juu ya mkate. Sikio lililozoea Kiswahili, ambamo karibu kila silabi huishia na irabu, hulisikia neno hili kama *bru-nost*. Lakini neno limeundwa na *brun* (kahawia) na *ost* (jibini), kwa hiyo mpaka uko baada ya *n*: *BRUN|ost*. Konsonanti hiyo ni mali ya sehemu ya kwanza, na haihamishwi kwenda kuanzisha silabi ya pili hata kama inatamkika kwa urahisi zaidi hivyo. Ndani ya kila sehemu silabi hugawika kama kawaida. Mpakani, maana ndiyo inayoamua.

3. Mkazo unakaa kwenye silabi gani?

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo hutufuata katika kila lugha tunayojifunza. *Barnehage*, yaani shule ya chekechea, hugeuka kuwa *barneHAge*, na Mnorwei anayesikiliza hulazimika kufikiri kidogo kabla hajaelewa. Katika neno ambatano la Kinorwei mkazo mkuu huwa kwenye sehemu ya kwanza: *BARne|hage*. Sehemu ya mwisho hubaki na mkazo mdogo, hapa kwenye *ha*, ambao husikika kwa sababu irabu yake haipotezi urefu wake.

Angalizo ambalo wengi hulikosa ni kwamba mkazo mkuu huwa kwenye sehemu ya kwanza, lakini si lazima uwe kwenye silabi ya kwanza. Ikiwa neno la kwanza linapokuwa peke yake lina mkazo mbele zaidi, linabaki nao palepale. *Student* ina mkazo kwenye *dent*, kwa hiyo makazi ya wanafunzi ni *stuDENT|by*. Ndivyo ilivyo kwa *baNAN|kake*, *proBLEM|løsning* na *faMIlie|gjenforening*. Vighairi vichache viko katika swali la 12.

4. Nitautambuaje mpaka katika neno ambalo sijawahi kuliona?

Tafuta kwanza herufi unganishi. Kinorwei mara nyingi huweka *s* au *e* kati ya sehemu mbili, na herufi hiyo huhesabiwa kuwa ya sehemu iliyotangulia: *arbeids|dag* (siku ya kazi), *jule|tre* (mti wa Krismasi). Hakuna kanuni moja inayoeleza lini *s* hutumika, lakini ipo mielekeo ya kuaminika. Maneno yanayoishia na *-het*, *-skap*, *-sjon*, *-tet* na *-dom* kwa kawaida huichukua, kama katika *kjærlighets|brev*, *informasjons|møte* na *ungdoms|skole*. Vilevile, sehemu ya kwanza ikiwa yenyewe ni neno ambatano, *s* mara nyingi hujitokeza hata kama haikuwepo mwanzoni: glasi ya mvinyo ni *vinglass*, lakini glasi ya mvinyo mwekundu ni *rødvinsglass*. Hiyo *s* ni msaada mkubwa kwa msomaji, maana inamwambia kwamba *rødvin* ni kitu kimoja na kwamba mpaka mkubwa uko baada yake.

Kisha soma kutoka mwisho. Tuchukue *universitetssykehus* kwa ukaribu. Mwishoni kuna *hus*, neno ambalo kila mwanafunzi analijua. Rudi nyuma kidogo upate *sykehus*, neno kamili lenye maana yake. Kinachobaki ni *universitets*, ambalo ni *universitet* pamoja na *s* unganishi. Mpaka mkubwa basi uko kati ya *s* mbili: *universitets|sykehus*. *Universitet* ina mkazo kwenye silabi yake ya mwisho, kwa hiyo mkazo mkuu wa neno zima huwa kwenye *TET*, na mkazo mdogo kwenye *sy*. Neno lililoonekana kama ukuta sasa ni vipande viwili unavyovijua.

## Herufi zinapokutana mpakani

5. Nimeambiwa *skj* hutamkwa kama *sh* ya Kiswahili. Mbona *verdenskjent* haitamkwi hivyo?

Kwa sababu katika *verdenskjent* (mashuhuri duniani) herufi hizo tatu hazikai pamoja. Neno ni *verdens|kjent*: *s* ni ya *verdens*, na *kj* inaanza *kjent*. Unatakiwa kutamka *s* ya kawaida, kisha sauti ya *kj*, ambayo Kiswahili hakina. Hutengenezwa kwa kupitisha hewa katika upenyo mwembamba kati ya ulimi na kaakaa gumu, karibu na *h* inayofuatwa na *y*. Vijana wengi wa Norwei siku hizi huchanganya *kj* na *sj*, kwa hiyo usishangae ukisikia *sh* mahali pa *kj*, ila bado *s* ya *verdens* itasikika peke yake kabla yake.

Kanuni ya jumla ni hii: sheria za herufi za Kinorwei hufanya kazi ndani ya sehemu moja, wala hazivuki mpaka. *Sk* mbele ya *i* hutamkwa *sh*, na ndivyo ilivyo katika *lang|skip*, merikebu ndefu ya Waviking, kwa kuwa *skip* ni neno moja. Lakini *statskirke* (kanisa la taifa) ni *stats|kirke*, na hapo *s* na *k* ni majirani tu. Vivyo hivyo *arbeidsgiver* (mwajiri) ni *arbeids|giver*: *g* iko mwanzoni mwa *giver*, mbele ya *i*, kwa hiyo hutamkwa kama *y* ya Kiswahili, sawasawa na inavyotamkwa *giver* ikiwa peke yake.

6. *Ng* hutamkwa kama *ng'* au *ng*?

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana faida, kwa sababu anajua tofauti kati ya *ng'ombe* na *ngoma* tangu utotoni. Ndani ya sehemu moja, *ng* ya Kinorwei huwa kama *ng'*: *lang*, *sang*, *ving* (bawa). Mpaka ukipita katikati, *n* na *g* hutamkwa kila moja kwa sauti yake. Shamba la mizabibu ni *vin|gård*, lenye *i* ndefu, kisha *n*, kisha *g* kamili. Anayelisoma kama *ving-ård* amelifanya neno lisieleweke. *Inngang* (mlango wa kuingilia) inazo zote mbili: *inn|gang*, ambapo *g* ya kwanza ni *g* halisi na ile ya mwisho ni sehemu ya *ng'*.

7. Na *gj* au *sj* je?

Jibu ni lilelile la swali la 5. *Elgjakt*, uwindaji wa wanyama wakubwa wa kaskazini waitwao *elg*, ni *elg|jakt*. *G* husikika, kisha *j* hutamkwa kama *y*. *Husjakt*, pilikapilika za kutafuta nyumba, ni *hus|jakt*, na haina *sh* hata kidogo.

8. Konsonanti mbili zinazofanana hufupisha irabu iliyotangulia. Je, hata mpakani?

Hapana. Kinorwei hutofautisha *tak* (paa), yenye irabu ndefu, na *takk* (asante), yenye irabu fupi, na mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba konsonanti mbili ni ishara ya irabu fupi. Fundisho hilo ni sahihi ndani ya sehemu moja tu. *Telefonnummer*, neno utakaloulizwa katika kila ofisi, ni *teleFON|nummer*: *n* ya kwanza inafunga *telefon* na ya pili inafungua *nummer*, kwa hiyo irabu ya *fon*, inayotamkwa kama *u* ya Kiswahili, inabaki ndefu. *Husstand* (kaya) ni *hus|stand*, nayo ina irabu ndefu ileile ya *hus*.

Kinyume chake hutokea katika maneno yaliyopoteza herufi. Kinorwei hakiandiki konsonanti tatu zinazofanana kwa mfululizo, kwa hiyo *buss* na *stopp* huungana kuwa *busstopp* (kituo cha basi), *natt* na *tog* kuwa *nattog* (treni ya usiku), na *musikk* na *korps* kuwa *musikkorps*, bendi za tarumbeta zinazoongoza maandamano ya tarehe 17 Mei, sikukuu ya katiba ya mwaka 1814. Katika maneno haya irabu ni fupi, kwa sababu *buss*, *natt* na *musikk* zina irabu fupi kwa asili. Macho peke yake hayawezi kutofautisha *busstopp* na *husstand*. Lazima ujue maneno yaliyomo.

9. Kwa nini *morsmål* husikika kana kwamba ina *sh*?

Katika Kinorwei cha mashariki, cha Trøndelag na cha kaskazini, *r* ikifuatwa na *s*, *t*, *d*, *n* au *l* huyeyuka ndani yake, na ncha ya ulimi hurudi nyuma kidogo. *Rs* hutoa sauti iliyo karibu na *sh*, kwa hiyo *mors|mål* (lugha ya mama) husikika takriban *mushmool*. Tofauti na sheria za swali la 5, badiliko hili huvuka mpaka bila kizuizi: *sommer|tid* na *vinter|dag* hupata sauti hizo pale *r* inapokutana na neno linalofuata, na *Majorstuen*, mtaa wa Oslo, husikika na *sht* katikati.

Magharibi na kusini, kwa mfano Bergen na Stavanger, *r* hutamkwa kooni, na muunganiko huu haupo. Ukiishi huko, fuata wanavyosema majirani zako.

10. Herufi zisizotamkwa hubaki kimya hata katikati ya neno refu?

Ndiyo, kwa kawaida. *D* ya *land* haisikiki, wala haisikiki katika *Grønland*, mtaa wa Oslo unaojulikana na wahamiaji wengi. *D* ya *opphold* iko kimya, kwa hiyo *oppholdstillatelse* huanza takriban kama *opp-hols*, yenye mkazo mkuu kwenye *OPP* na mdogo kwenye *til*. *G* ya mwisho katika *bolig* nayo haisikiki, ndiyo maana *bolig|jakt* husikika kama *boli-yakt*.

## Toni na vighairi

11. Je, ni lazima nijifunze toni?

Kinorwei kina toni mbili ambazo hutofautisha baadhi ya maneno: *bønder* (wakulima) hubeba toni ya kwanza na *bønner* (maharage, au sala) hubeba ya pili, na zaidi ya hapo yanatamkwa sawa. Mashariki, toni ya kwanza huanza chini na kupanda. Ya pili huanza juu, hushuka, kisha hupanda tena. Neno ambatano hubeba toni moja tu kwa urefu wake wote, na toni hiyo huamuliwa zaidi na sehemu ya kwanza. Kwa mfano *sommer* ina toni ya pili, na *sommerdag* inairithi.

Kiswahili hakina toni za namna hii, lakini anayezungumza pia Kirundi, Kinyarwanda au Kilingala ana sikio lililozoea toni tayari, na namshauri alitumie. Kwa wengine, ushauri wangu ni kutanguliza mkazo na urefu wa irabu. Zipo sehemu za Finnmark na maeneo fulani karibu na Bergen ambako wenyeji wenyewe hawatofautishi toni, nao wanaeleweka nchi nzima. Anayeweka mkazo pasipostahili hupata shida zaidi.

12. Ni maneno gani yasiyofuata kanuni ya swali la 3?

Mji wa *Kristiansand* hutamkwa kwa mkazo wa mwisho, *KristianSAND*, na *Kristiansund* vivyo hivyo. *Århundre* (karne) ina mkazo kwenye *hun*. Siku za Pasaka, *skjærtorsdag* (Alhamisi Kuu) na *langfredag* (Ijumaa Kuu), huweka mkazo kwenye jina la siku: *skjærTORSdag*, *langFREdag*. Haya hujifunzwa moja moja.

13. Kuna tofauti gani ya matamshi kati ya *norsk lærer* na *norsklærer*?

*Norsk lærer* ni mwalimu ambaye ni Mnorwei. Maneno ni mawili na kila moja lina mkazo wake, huku la pili likisikika kwa nguvu zaidi. *Norsklærer* ni mwalimu wa lugha ya Kinorwei, awe ametoka Bukavu au Bergen. Mkazo mkuu ni mmoja, kwenye *NORSK*, na *lærer* hushuka. Ndivyo ilivyo kwa *stor by* (mji mkubwa) na *STORby* (jiji). Tofauti hii ndiyo inayomwambia msikilizaji kama amesikia neno moja au mawili.

## Katika maandishi

14. Je, nikitenganisha sehemu kwa nafasi ni kosa kubwa?

Ni kosa ambalo Wanorwei wenyewe hulifanya na kulilalamikia sana, na wakati mwingine hubadilisha maana kabisa. *Lammelår* ni paja la mwanakondoo. *Lamme lår* ni mapaja yaliyopooza. *Røykfritt* ni mahali pasipovutwa sigara. *Røyk fritt* ni amri ya kuvuta kwa uhuru. Ukitamka neno kwa mkazo mkuu mmoja, liandike kama neno moja.

15. Neno likatwe wapi mwishoni mwa mstari?

Kwenye mpaka wa sehemu, na herufi unganishi ibaki nyuma: *arbeids-giver*, *syke-hus*. Konsonanti iliyopotea (swali la 8) hurudi neno linapokatwa: *buss-stopp*, *natt-tog*. Neno lisilo ambatano hukatwa ili konsonanti moja tu iende mstari wa pili, kama *kas-te* na *ven-te*, ila herufi zinazowakilisha sauti moja hazitenganishwi: *bro-sjyre*.

16. Kistari katika *Arbeids- og velferdsetaten* kina maana gani?

Kinashika nafasi ya sehemu ya mwisho ambayo haikurudiwa. Jina hilo, la idara ya kazi na ustawi wa jamii inayojulikana zaidi kama Nav, ni *arbeidsetaten* na *velferdsetaten* kwa pamoja. Unaposoma kwa sauti, *arbeids* hutamkwa pamoja na *s* yake, bila kuongeza chochote. Kistari hutumika pia baada ya vifupisho na herufi moja moja: *TV-program*, *e-post*.

## Maswali ya ziada

17. Ninaongeza irabu kati ya konsonanti bila kukusudia. Nifanyeje?

Hilo ni jambo la kawaida kabisa, kwa kuwa ndivyo Kiswahili kilivyopokea maneno ya kigeni, kama *kilabu* na *hoteli*. Katika Kinorwei, hata hivyo, irabu ya ziada huongeza silabi na kumfanya msikilizaji atafute neno jingine. Fanya mazoezi kwa vipande: tamka *arbeids* peke yake mara kadhaa, ukifunga kwa *s* bila kuachia irabu, tamka *giver* peke yake, kisha punguza kimya kilicho katikati hadi kiishe. Usianze na neno zima, na usiache pumziko mpakani ukishalizoea.

18. Kanuni hizi zinahusu Nynorsk pia?

Zinahusu. Nynorsk, moja ya namna mbili rasmi za kuandika Kinorwei (nyingine ni Bokmål, inayotumika katika ukurasa huu), ina maneno tofauti mahali pengi, kama *opphaldsløyve* kwa *oppholdstillatelse* na *sjukehus* kwa *sykehus*, lakini huunganisha maneno kwa njia ileile. Kumbuka pia kwamba Norwei haina matamshi rasmi ya kitaifa. Kila mtu huzungumza lahaja yake, hata bungeni.

19. Nitazame kamusi gani?

*Bokmålsordboka* na *Nynorskordboka*, zinazotolewa na Baraza la Lugha, *Språkrådet*, pamoja na Chuo Kikuu cha Bergen, hupatikana bure mtandaoni na zinafaa kwa tahajia na jinsia. Kwa matamshi, kamusi ya Akademia ya Norwei, NAOB, ni bora zaidi, kwa sababu huonyesha mkazo na toni. Neno ambatano refu mno huenda lisiwemo katika yoyote. Tafuta sehemu zake moja moja.

20. Katika neno lenye sehemu tatu au zaidi, mkazo mdogo unaenda wapi?

Tafuta kwanza mpaka mkubwa kuliko yote. *Menneskerettighetsorganisasjon*, shirika la haki za binadamu, lina *menneske*, *rettighet* na *organisasjon*. *Menneskerettighet* ni dhana moja, na *s* inayoifuata inathibitisha hilo (swali la 4), kwa hiyo mgawanyo ni *menneskerettighets|organisasjon*. Mkazo mkuu uko kwenye *MEN*. Mkazo mdogo uko kwenye sehemu inayofuata mpaka mkubwa, katika silabi ambayo neno hilo lingeikazia likiwa peke yake, yaani *sjon*. *Rettighets*, iliyo katikati, hupita haraka na kwa sauti ya chini, lakini kila konsonanti yake hutamkwa.